Herufi ya Tatu

Haya ni ya kweli tupu, kuanzia kizingiti hadi paa. Mliofanya kazi na mimi najua mtanicheka, mtasema huyu mzee hutia chumvi hata kwenye salamu. Chekeni, halafu mkae msikilize. Hii sikuiokota barabarani. Nimeipata kwa shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, aliyepiga taipu wizarani miaka kumi na tisa hadi wakubwa walipogundua kwamba anazielewa barua kuliko wanaoziandika, wakamhamishia kitengo cha upelelezi. Huko kote anaitwa Bi Taipu. Naapa kwa kila kilicho kizito kwamba sijaongeza hata nukta.

Basi siku hiyo, saa tatu na robo asubuhi, Bi Taipu aliketi mbele ya mkuu wa benki ya damu, mkoba mapajani, miwani puani. Mkuu alikuwa daktari mnene mwenye sauti ya kipaza sauti. Alimsukumia faili la rangi ya kaki.

"Kesi imeshaiva, mama. Kamati ya nidhamu inakaa saa nane. Wewe andika ukurasa mmoja tu, tumfukuze kwa utaratibu."

"Tumfukuze nani?"

"Mpimaji wa maabara. Anaficha wachangiaji damu."

Bi Taipu hakulifungua faili. "Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyeingia sasa hivi kujikinga na mvua."

Mkuu akapumua kwa nguvu. Benki ile ilikuwa na meza tatu za kuandikisha wachangiaji: mapokezi, gari la damu, na maabara. Kila meza ilikuwa na kompyuta yake. Kila Ijumaa kila meza ilihifadhi upya orodha yake nzima, mstari mmoja kwa mtu mmoja: jina, simu, kundi la damu. Orodha zote zikatupwa kapu moja, na programu iliyoandikwa na fundi wa kompyuta ikapita humo. Ukiiambia itafute O hasi, inakuletea simu za wenye O hasi wote, na kuwatumia ujumbe waje.

"Jumatatu tulikuwa na mgonjwa chumba cha upasuaji," Mkuu akasema. "Nikaomba O hasi. Programu ikaniletea watu tisa. Tisa, mama, katika watu elfu na zaidi. Wawili wamesafiri, mmoja mjamzito, waliobaki hawakutosha. Upasuaji ukaahirishwa. Fundi akachunguza, akakuta programu haimwoni mchangiaji hata mmoja aliyeandikishwa na maabara. Mapokezi wanaonekana. Gari linaonekana. Wa kwake yeye, kimya."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na kabla ya hizo wiki tatu?"

"Walikuwa wanaonekana vizuri tu. Sasa sikiliza hii." Mkuu akainua kidole kuelekea dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo jipya, rangi bado inang'aa, bango la kliniki ya binafsi. "Ile imefunguliwa wiki tatu zilizopita. Meneja wake ni mume wa dada yake. Na kwenye droo yake tumekuta hili."

Akaweka mezani daftari la kurasa mia. Ndani mlikuwa na majina, simu na makundi ya damu, kwa mwandiko wa mkono uliotulia. Bi Taipu akalifungua katikati, akalinusa kama mtu anayenusa maziwa, akalitia mkobani.

"Ukurasa wako utaupata," akasema. "Ila sijui utakuwa na nini."

Alimkuta mpimaji maabara, amekaa kwenye stuli bila koti jeupe, walikwishamnyang'anya. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu, mgongo umenyooka kama rula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shemeji yako wa ng'ambo ya barabara hajambo?"

"Sijaongea naye tangu alipomkosea dada yangu. Mwaka wa pili huu."

"Anaweza kuthibitisha?"

"Atathibitisha kwa matusi. Mpigie."

Bi Taipu akampigia palepale, sauti ya simu nje. Jina la mpimaji lilipotajwa tu, kule upande wa pili zilitoka sentensi mbili ambazo siwezi kuziandika hapa, na simu ikakatwa. Bi Taipu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akatoa daftari.

"Na hili?"

"Nilikuwa nawapigia mwenyewe, kwa simu yangu. Wiki ya kwanza nilitafuta B chanya, nikijua nimeandikisha saba Ijumaa hiyohiyo, programu ikaniambia hakuna. Nikamwendea fundi. Akaniambia nimekosea kutaipu. Nikafungua orodha, nikamwonyesha: hii hapa B chanya, kwa macho yako. Akasema kompyuta haidanganyi. Basi nikaanza kuwaandika kwa mkono ili wasipotee."

"Uliandika malalamiko?"

"Mara mbili. Fundi kaniuliza kama nimelala vizuri."

Bi Taipu akafungua ukurasa mmoja wa daftari. Pembeni ya kila jina palikuwa na alama ndogo: amepigiwa, atakuja, amekuja. Anayeuza majina hana haja ya kuandika "amekuja". Akalifunga.

"Simama twende kwa fundi. Na koti lako ulivae."

"Wamelichukua, mama."

"Basi tembea kama unalo."

Chumba cha fundi kilikuwa mwisho wa korido, feni inazunguka kwa kusuasua, nyaya zimelala sakafuni kama tambi. Fundi alikuwa mwanamume wa makamo, ndevu zimechongwa, kikombe cha chai juu ya kompyuta ambayo yeye mwenyewe alikuwa amebandika tangazo la kukataza vikombe. Mlangoni alisimama dereva wa gari la damu, aliyekuja kuchaji simu na kuona sinema ya bure.

"Mama, hapa utapoteza muda," fundi akasema. "Programu hii nimeiandika mwenyewe, mistari arobaini, safi kama maji ya chupa. Ina miaka mitatu haijakohoa."

"Nani kasema inakohoa? Nionyeshe mstari wa mapokezi wenye O hasi, na wa maabara wenye O hasi. Uiweke pamoja."

Fundi akagonga vitufe. Kwenye skrini nyeusi ikatokea mistari miwili. Kwenye yote miwili, mwishoni kabisa, palikuwa na O na alama ya kutoa. Sawasawa kama pacha.

"Programu inasemaje?"

"Wa juu inamkubali. Wa chini inamkataa."

"Kwa sababu gani?"

"Hapo ndipo ninapomshangaa dada huyu. Sijui kafanyaje."

Mpimaji akafungua mdomo, Bi Taipu akamgusa mkono.

"Hiyo lugha yako unayoandikia, inaweza kuhesabu herufi za neno?"

"Inaweza. Lakini neno lenyewe hilo hapo, mama. Herufi mbili. Hata mtoto wa chekechea..."

"Mimi nimeuliza mashine, sijauliza mtoto."

Fundi akacheka puani, akaandika amri fupi. Mashine ikajibu. Kundi la damu la mstari wa mapokezi: 2. Kundi la damu la mstari wa maabara: 3.

Fundi akaacha kucheka. Akairudia amri. Mbili. Tatu.

"Haya," akasema Bi Taipu, "herufi ya tatu iko wapi?"

"Labda ameweka nafasi mbele."

"Zifute nafasi zote, uhesabu tena."

Akazifuta. Akahesabu. Mashine ikang'ang'ania tatu. Dereva pale mlangoni akavuta shingo ndani.

"Ni jini," akasema dereva.

"Jini halina kazi kwenye kundi la damu," Bi Taipu akasema. "Fundi, yafunge hayo maneno ndani ya mabano. Fungua bano, weka neno, funga bano. Nione linaanzia wapi na kuishia wapi."

Fundi akaandika. Neno la mapokezi likatoka limekaa vizuri ndani ya mabano yake:

[O-]

Neno la maabara likatoka hivi:

]O-

Wote wakaisogelea skrini. Bano la mwisho lilikuwa limekwenda kukaa mwanzo, na bano la kwanza halikuwepo kabisa. Fundi alitoa macho kama mtu aliyeona viatu vyake vinatembea peke yake.

Bi Taipu akaanza kucheka. Alicheka hadi akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa.

"Nyie mmewahi kutumia taipureta?" akauliza.

"Tumeziona kwenye picha," fundi akasema, kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao robo saa iliyopita.

"Taipureta ukifika mwisho wa mstari kuna mambo mawili, si moja. La kwanza, unairudisha mwanzo roli iliyoshika karatasi, ili uanze tena upande wa kushoto. La pili, unaisogeza karatasi juu ili ushuke mstari mpya. Kurudi na kushuka. Mkono mmoja unafanya yote kwa mpigo, ndiyo maana watu hudhani ni jambo moja. Sasa siku karatasi ikikwama isisogee, roli ikarudi peke yake, nini kinatokea?"

Mpimaji ndiye aliyejibu, polepole. "Unapiga juu ya ulichokwishaandika."

"Umeona. Miaka kumi na tisa nimeharibu barua za wakubwa kwa kosa hilo. Bano la kufunga halikwenda mwanzo kwa miguu yake. Kuna alama kati ya alama ya kutoa na hilo bano inayomwambia mwandishi: rudi mwanzo. Akarudi, akalipiga bano la kufunga juu ya bano la kufungua. Fundi, ile herufi ya tatu iulize namba yake."

Kila herufi ndani ya kompyuta ina namba, hilo hata mimi nalijua sasa. Fundi akauliza. Mashine ikasema: 13.

Akafungua kitabu chake cha jedwali, kidole kikateremka, kikasimama. Akalisoma jibu bila sauti, kisha akalisoma kwa sauti.

"Kumi na tatu ni alama ya kurudi mwanzo."

"Na programu yako inakata mistari kwa alama ipi?"

"Ya kushuka. Ya kushuka peke yake. Kompyuta zetu zote huandika hiyo tu." Akasita. "Zilikuwa."

"Endelea, baba, umefika karibu."

"Kuna kompyuta za aina nyingine ambazo kila mwisho wa mstari huandika zote mbili. Kurudi na kushuka, kama hiyo taipureta yako. Programu yangu inaondoa ya kushuka, ya kurudi inabaki imeganda kwenye neno la mwisho. Haionekani, lakini ipo. Naiambia itafute herufi mbili, yenyewe inakuta tatu, inasema huyu simjui."

Bi Taipu akamgeukia mpimaji. "Meza yako ina kompyuta gani?"

"Mpya. Ile ya zamani ilichukuliwa."

"Nani aliichukua, na lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Mkuu alitaka maabara iwe na kompyuta nzuri siku ya ugeni, akaleta moja kutoka ofisini kwake. Barua ipo, ameisaini mwenyewe."

Dereva akapiga kofi pajani. "Ala. Kumbe mwizi ndiye aliyeita polisi."

"Chunga mdomo, bwana," Bi Taipu akasema, ingawa midomo yake mwenyewe ilikuwa inacheza. "Hakuna mwizi hapa. Fundi, ukitoe hicho kijidudu."

Ilikuwa saa tano na nusu. Fundi, mwenye haraka ya kujikosha, akaandika neno moja tu kwenye programu, akabonyeza. "Tayari. Nimeiambia ikate herufi ya mwisho ya kila mstari." Orodha ya maabara ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta: O hasi wakamwagika skrini nzima. Mpimaji akashika mdomo. Fundi akanyoosha mikono juu, kiti kikalia.

Bi Taipu hakusherehekea. "Wale tisa wa mwanzo wako wapi?"

"Wapi?"

"Wa mapokezi na wa gari. Tisa waliokuwepo Jumatatu. Hapa naona wa maabara tu."

Fundi akatafuta. Hawakuwepo hata mmoja. Akafungua mstari wa mapokezi, akaona, na chai ikampalia. Pale palipokuwa na O hasi, sasa palikuwa na O tupu. Palipokuwa na AB chanya, palikuwa na AB, alama imekatwa.

Mpimaji akawa wa kwanza kusema, na sauti yake haikutetemeka. "Zima. Zima sasa hivi. Mtu akisoma O bila alama atajazia anachotaka, na mgonjwa atawekewa damu isiyo yake."

"Wa mapokezi hawana herufi ya tatu," Bi Taipu akasema. "Wewe umekata mkia wa kila mnyama kwa sababu mmoja ana kupe. Orodha halisi umezigusa?"

"Hapana. Programu inasoma tu, haiandiki." Jasho lilimtoka hata hivyo.

"Mshukuru Mungu, kisha uandike upya. Usiiambie ikate herufi ya mwisho. Iambie iangalie kwanza. Ikikuta alama ya kurudi, na imekaa mwisho kabisa, iiondoe. Isipoikuta, ipite bila kugusa kitu."

Safari hii fundi alifikiri kabla ya kugonga. Alilifuta lile neno lake la haraka, akaweka mstari huu mmoja, nami nimeuomba nikauandika ulivyo:

s/\r$//;

"Huo tu?" dereva akauliza. "Mbona kama kuku kakanyaga wino?"

"Huo r ni alama ya kurudi," fundi akamweleza. "Dola ni mwisho wa mstari. Baada ya hapo pako wazi, maana yake weka hewa."

"Kabla hujabonyeza," akasema mpimaji, "jaribu na mistari sita. Miwili kila meza. Tuhesabu herufi za kila mmoja."

Wakahesabu pamoja, mpimaji akisoma kwenye daftari lake, fundi akisoma kwenye skrini. O hasi wa mapokezi, mbili. O hasi wa maabara, mbili. AB chanya wa gari, tatu. AB chanya wa maabara, tatu. Miwili iliyobaki nayo ikatoka sawa; yote sita ikakubalika, kila alama mahali pake. Wakajaribu na mabano: yote yamefunga na kufungua kama yalivyozaliwa.

"Bonyeza," akasema Bi Taipu.

Fundi akabonyeza. Wale tisa wakarudi, na nyuma yao wakaja wa maabara. Programu ikahesabu: arobaini na moja. Sekunde chache baadaye simu ya dereva, iliyokuwa kwenye chaja pale ukutani, ikalia. Dereva akaichukua, akasoma, akasoma tena.

"Ndugu mchangiaji, damu yako ya kundi O hasi inahitajika leo." Akainua macho. "Mimi? Wiki tatu nalalamika kwamba nilijitolea hapahapa na hakuna aliyenikumbuka."

"Nilikuandikisha mimi," mpimaji akasema. "Jumanne ile, ukaogopa sindano."

"Sikuogopa. Nilifumba macho kwa heshima."

Wakacheka wote wanne, na fundi akacheka kuliko wote, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. Kisha akasimama mbele ya mpimaji.

"Dada, uliniambia mara mbili."

"Nilikuambia mara mbili."

"Nitaisema hiyo mbele ya kamati. Mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Na aliisema. Kamati ya nidhamu ilikaa saa nane kamili ikamaliza saa nane na dakika sita. Bi Taipu alimkabidhi Mkuu ukurasa wake mmoja kama alivyoahidi: herufi mbili, herufi tatu, namba kumi na tatu, na nakala ya barua ya kompyuta mpya yenye saini ya Mkuu chini. Mkuu aliisoma saini yake kwa muda mrefu kuliko maneno yote mengine. Kisha akatoka, akarudi na koti jeupe mkononi, akalishika kwenye mabega ya koti ili mpimaji aingize mikono, mbele ya wafanyakazi wote, na kipaza sauti chake kikapata kazi ya maana siku hiyo: "Tumekukosea. Mimi ndiye wa kwanza." Upasuaji ulioahirishwa ukapangwa jioni ileile.

Huko nje tayari palikuwa na foleni. Ilitoka mlangoni, ikapita lango, ikazunguka ukuta mara mbili na nusu, wapita njia wakajiunga wakidhani kuna kitu kinagawiwa bure. Na mbele kabisa ya foleni ile, mkono wa shati umekunjwa hadi begani, O hasi halisi, mtu wa kwanza kuitika wito, nilisimama mimi hapa msimulizi wenu.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Nikampelekea Bi Taipu kurasa hizi azisome kabla yenu. Alisoma yote, akapiga mstari chini ya aya ya mwisho, akatoa simu.

"Shemeji, walikuja watu kumi na saba. Walikaa kwenye benchi mbili."

"Chumvi kidogo tu, shemeji. Chakula bila chumvi nani anakila?"

"Na wewe ulikuwa wa kwanza?"

"Karibu na wa kwanza."

Akampigia mpimaji, sauti nje. Nikasikia vitufe vikigongwa, kisha ile sauti iliyonyooka: "Nimelitafuta jina lake meza zote tatu, mama. Hayupo. Na safari hii programu haina kosa."

Sasa naandika mistari hii kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto umenyooshwa juu ya mto wa plastiki na una sindano ndani yake. Bi Taipu amekaa kwenye kiti mlangoni, mkoba mapajani, asije mtu akatoroka. Dereva amekuja kunifundisha namna ya kufumba macho kwa heshima. Mpimaji amenipima presha, kaniuliza umri, nikaanza kupunguza miaka, akanitazama tu nikairudisha yote. Kisha ameshika kadi yangu mpya kwenye mwanga.

"Ulisema kundi gani, babu?"

"O hasi."

"B chanya," akasema, akaliandika. "Nalo pia linahitajika. Kunja ngumi, uachie, kunja tena."